Nyumba ya Mwisho

Njia yetu haina kibao. Inaanzia kwenye barabara ya mtaa, inashuka katikati ya michongoma na kuta za tofali za saruji, inapinda mara moja penye mparachichi mkubwa, kisha inafia kwenye uwanja wa nyumba ya mwisho. Vijana wa bodaboda huiita kwa jina la duka lililoko mwanzoni, na duka likipata mwenyewe mwingine, njia nayo hupata jina lingine. Ilizaliwa kama njia nyingi za Shirimatunda, mjini Moshi, zilivyozaliwa. Mwenye shamba la mahindi aliuza kipande, akauza na kingine, na kila alipouza aliwaachia wanunuzi pa kupita. Kipimo cha "pa kupita" kilikuwa mkokoteni wa ng'ombe, au akina mama wawili wenye mizigo kichwani wakipishana bila kugusana mabega. Lori la kokoto halikuwemo kwenye mawazo ya muuzaji. Mnunuzi naye, ambaye hela yote ilikuwa imeishia kwenye kiwanja, hakuwa na mdomo wa kudai zaidi.

Ndiyo maana tuna barabara ambayo kila mtu anaipita na hakuna anayeimiliki. Mikataba ya kuuziana, ile iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri, inataja mipaka minne ya kila kiwanja, na upande mmoja umeandikwa tu kwamba unapakana na njia. Njia ya nani, mashahidi hawakuulizwa.

Mimi ni katibu wa kamati ya njia hiyo. Cheo nilikipata kwa kuwa siku ya kikao cha kwanza mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu ambaye bado huita mahudhurio. Mhazini ni mama mwenye genge la mboga, na ndiye pekee kati yetu ambaye watu wanamwogopa, kwa sababu anajua nani anakopa nyanya na nani analipa. Tuna daftari la kaunta, tuna kundi la WhatsApp, tuna kamba ya kupimia. Hatuna kitu kingine.

Wenzetu wanaoishi kwenye maghorofa wana pa kushika. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawatambua wenye nyumba ndani ya jengo moja, inawapa chama, na chama kinaweza kumdai mwenye sehemu yake gharama za paa, ngazi na lifti. Nyumba zilizojipanga kando ya njia ya udongo, kila moja na ukuta wake na tangi lake la maji, hazimo humo. Sheria ya Barabara ya 2007 inashuka ngazi kwa ngazi, kutoka barabara kuu hadi za mikoa na za wilaya, na huko chini inazitaja hata barabara za jamii. Na tangu 2017 kuna TARURA, wakala wa kuzishughulikia barabara za vijijini na mijini. Lakini ngazi ya mwisho ya sheria bado iko juu ya kichwa cha njia yetu. Sisi ni upenyo. Kinachonichekesha ni kwamba barabara tunailipia: kwenye bajeti ya 2021 kila lita ya petroli na dizeli ilibebeshwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizo za vijijini na mijini. Jirani anayeapa kwamba hana hata senti ya kununulia moramu huchangia barabara kila anapojaza tangi. Ni vile tu barabara hizo ni za watu wengine.

Serikali ya mtaa ipo. Viongozi wake walichaguliwa Novemba 27, 2024, siku ileile kama mitaa yote ya Tanzania Bara, na mwenyekiti ukimwita anakuja, anakaa, anasikiliza mpaka mwisho. Ila hana greda. Balozi wa nyumba kumi, cheo kilichoasisiwa na TANU miaka ya 1960, aliwahi kuwa mkono wa serikali uliofika mpaka mlangoni. Tangu vyama vingi virudi 1992 amebaki kuwa mtu wa chama kimoja, na kwenye njia yenye itikadi zote, za siasa na za mpira, huwezi kukusanya hela ya moramu kwa kadi ya chama. Tumebaki sisi kwa sisi.

Kubaki sisi kwa sisi si jambo geni Kilimanjaro, na kuna mtu alilitazama kwa makini. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti wake kwa Wachagga mwishoni mwa miaka ya 1960, alitoa makala mwaka 1973 iliyoweka pamoja vitu ambavyo hakuna mwingine angevikalisha meza moja: biashara ya kushona magauni mjini New York, na maisha ya koo na majirani kwenye mteremko huu wetu. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba sheria ikitoka bungeni haitui mahali patupu. Inakuta watu wanaodaiana, wanaozikana, wanaooana, wenye uwezo wa kumfanya mwenzao akione cha moto bila kumpeleka polisi. Serikali huru ilifuta umiliki binafsi wa ardhi wa kudumu, ikaleta na mabalozi, na mlimani mambo hayo yalipokelewa, yakakaribishwa kigoda, halafu ukoo ukaendelea kuamua nani anarithi mgomba upi.

Tatizo letu ni kwamba serikali ile ndogo ya Moore ilikaa kihambani, kwenye migomba ya ukoo, ambako jirani yako ni mtoto wa baba mkubwa. Huku chini tumekutana tu. Nyumba ya kwanza ni ya mfanyabiashara kutoka Rombo. Inayofuata ni ya Mpare wa Same ambaye hajawahi kuchelewesha mchango, na hajawahi kuacha kutukumbusha kwamba hajawahi kuchelewesha. Kuna familia ya Machame, kuna muuguzi aliyepanga nyumba ambayo mwenyewe yuko Dar es Salaam na huonekana Desemba, Wachagga wanapopanda mlima kuhesabiana. Akitokea wa kufiwa tunachanga, tunakesha, tunapika, lakini mwili hupandishwa kwao na kuzikwa kwenye migomba ya babu. Adhabu kubwa kuliko zote za mlimani, ile ya kuachwa peke yako kwenye msiba wako, kwetu ina nusu ya makali yake. Mtu anaweza kukwepa moramu miaka yote akijua kwamba kaburi lake litachimbwa na watu wengine kabisa.

Nilikuwa naufikiria ukoo kama ndicho kitu tunachokosa, mpaka nilipoanza kuufikiria mfongo.

Asiyeujua mfongo aupandie mlima. Ni mfereji uliochimbwa kwa mikono, unaochepusha maji mtoni juu kabisa, kwenye korongo, na kuyatembeza kwenye mgongo wa kilima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba mgeni anaweza kuapa yanapanda. Yanafika kwenye migomba, kwenye kahawa, zamani na kwenye ulezi wa mbege. Mwingereza Harry Johnston, aliyefika huku mwaka 1884, alikuwa mmoja wa wageni wengi walioiona mifereji hiyo wakastaajabu. Kila mfongo ulikuwa na wazee wake na zamu zake. Siku ya kufukua ikitangazwa, nyumba isiyotoa mtu ilitozwa, na pombe ilikuwa malipo yanayoeleweka na pande zote mbili. Mkaidi alinyimwa maji.

Wazee wakiusimulia mfongo huusimulia kama hadithi ya upendo: zamani tulikuwa kitu kimoja. Mimi nasikia hesabu ndani yake. Maji humfikia mtu wa juu kwanza. Akitaka kuyamaliza anaweza, na wa chini atafanya nini? Kilichomzuia ni banio. Lile zuio la mawe, magogo na majani ya migomba lililochepusha maji mtoni lilibebwa na mto ulipofura masika, na kulijenga upya kulitaka mikono mingi kuliko aliyokuwa nayo mtu wa juu. Mikono hiyo ilikuwa chini. Basi aliwaachia maji kwa sababu mwakani angewahitaji tena kwenye korongo, wamesimama kwenye maji ya baridi mpaka mapajani.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alilionyesha jambo hili kwa mifereji ya wakulima wa Nepal. Palipokuwa na banio la mawe na miti la kubomoka kila mwaka, watu wa juu na wa chini waligawana maji vizuri. Wahandisi walipokuja na banio la zege, zuri, la kudumu, mtu wa juu hakumhitaji tena mtu yeyote, na mara nyingi maji yaliishia kwake. Watu walisaidiwa kweli. Msaada wenyewe ndio uliokata kamba.

Sasa rudi Shirimatunda. Njia yetu ni mfongo uliogeuzwa. Mwenye nyumba ya kwanza akitoka getini, magurudumu yake yanagusa njia yetu kwa urefu wa gari moja, halafu yuko barabarani. Barabara hiyo ndiyo banio lake la zege. Kadiri unavyoshuka ndivyo kila nyumba inavyohitaji njia ndefu zaidi iwe nzima, na nyumba ya mwisho inaihitaji yote. Wakati huohuo maji yanashuka kwa utaratibu wake: kwenye mfongo mtu wa mwisho aliomba maji yamfikie, kwetu mtu wa mwisho anaomba yasimfikie. Kila anayejenga juu anasakafia uwanja wake kwa zege, anaelekeza bomba la paa nje ya ukuta, na analala usingizi mzuri mvua ikinyesha. Mvua ya uwanja wake inafanya kazi usiku kucha kwa mtu mwingine.

Aprili ndipo mambo haya huonekana kwa macho. Udongo wetu ni mwekundu na laini ukilowa, mvua ya masika haibishi hodi, na moramu iliyomwagwa Januari kwa michango na kelele huanza safari ya kwenda kwa mzee wa nyumba ya mwisho. Watu hupanga viroba vya mchanga mbele ya mageti yao. Kila kiroba kinasukuma maji yaende kwa jirani, jirani naye anaongeza kiroba, na njia inakuwa mashindano ya kimyakimya ya nani atamtumia nani mafuriko. Kwenye kona ya mparachichi kuna kalavati moja, na kalavati hilo limetufundisha kujuana kuliko kikao chochote. Siku ya kulifukua tulitoa shina la mgomba lililooza, kandambili, pampasi zilizovimba kama mito ya kulalia, nywele za bandia, na nailoni nyingi kiasi cha kujaza mkokoteni. Kila mtu aliziona taka za nyumba yake na hakuna aliyesema. Kisha kijana mmoja akavuta raba ndogo ya shule, akaisuuza kwenye dimbwi, akauliza kwa sauti ni ya mtoto wa nani. Mama mmoja wa nyumba za juu akanyoosha mkono, akaichukua, akatazama ukubwa wake, akasema mtoto alishapigwa kwa kuipoteza. Tulicheka wote. Jioni hiyo mchango wake ulifika kwenye simu ya mhazini bila kukumbushwa.

Nalitaja hilo ili isionekane kwamba hesabu ndiyo kila kitu. Aibu ipo na inafanya kazi. Kwenye kundi la WhatsApp hatuandiki majina ya wasiolipa. Tulikatazana mwanzoni kabisa, baada ya ugomvi. Tunaweka orodha ya waliochangia, na kila anayelipa huinakili yote na kuongeza jina lake chini, na kialama cha vema. Orodha inavyorefuka, asiyekuwemo anaanza kujisikia amesimama uchi barabarani. Inatosha kwa wengi. Kwa mwenye nyumba aliye Dar haitoshi, yeye anasema njia inatumiwa na mpangaji. Mpangaji, ambaye ni muuguzi na hutembea kwa miguu, anasema hawezi kutengeneza barabara ya nyumba ambayo anaweza kufukuzwa mwezi ujao. Wote wawili wana haki, na hapo ndipo nikaona aibu inafikia mwisho wa kamba yake.

Kuna wakati tulijadili kulipa kwa haki kamili. Jirani aliyewahi kusoma Ufini alitueleza kwamba kule sehemu kubwa ya barabara za nchi ni za binafsi, na wanaozitumia ni wanachama kwa nguvu ya sheria. Mchango wa kila nyumba hupimwa kwa umbali anaosafiri mtu kwenye njia na uzito wa anachopitisha, kwa hiyo mwenye malori ya magogo analipa kuliko mwenye baiskeli. Kikao kilinyamaza kwa heshima. Hesabu ilikuwa safi, na kwa hesabu hiyo mzee wa nyumba ya mwisho ndiye angelipa kuliko wote. Akainuka, akavua kofia, akasema kwamba yeye ameshalipa. Akatuomba tukahesabu moramu yetu iliyolala kwenye bustani yake ya kahawa, tripu kwa tripu, ndipo tumwandikie bili. Mwenyekiti akaahirisha ajenda. Mimi nilikuwa upande wa mzee, na bado niko huko. Kipimo chochote cha barabara kwenye mteremko kinachohesabu magurudumu bila kuhesabu maji kimehesabu nusu.

Kilichoiokoa njia yetu, kama imeokoka, kilikuwa gari la taka.

Moshi ni mji uliozoea kusifiwa kwa usafi, na watu wake wanaona fahari. Gari la taka lilianza kupita mtaani kwetu, lakini dereva alikuwa na sharti la kidereva: hawezi kuingia mahali asipoweza kugeuza. Kurudi kinyumenyume kwenye njia nyembamba yenye watoto ni kutafuta kesi. Njia nzima haina mahali pa kugeuza gari kubwa isipokuwa mahali pamoja, uwanja wa nyumba ya mwisho, ambao mzee aliuacha bila ukuta kwa sababu alikuwa anaanika mahindi hapo. Alipoombwa alikubali palepale. Tangu siku hiyo gari linashuka mpaka chini, linageuza kwa mzee, na kupakia likiwa linapanda.

Sikuelewa mara moja kilichotokea. Masika iliyofuata njia ilichimbika chini ya mparachichi, sehemu ambayo watu wa juu hawaikanyagi. Zamani ingekaa hivyo mpaka Julai. Safari hii gari la taka likagoma kuingia, maana lisipofika chini haligeuzi, na lisipogeuza haliji kabisa. Wiki moja tu, viroba vya taka vikaanza kupangana kwenye mageti ya juu, na joto lile, na mbwa. Watu ambao hawakuwahi kujua rangi ya mlango wa mzee walishuka wenyewe na majembe. Mpare wa Same alilipia tripu nzima ya moramu peke yake na, kwa haki, ametukumbusha mara chache tu. Banio letu lilikuwa limepatikana. Lilikuwa limebomoka, na ndiyo maana lilifanya kazi.

Baada ya hapo nilianza kuwa katibu kweli, nikimaanisha mtu mwenye hila. Kibanda cha mlinzi wa usiku wengi walitaka kiwe mwanzoni mwa njia. Nilipigania kiwe kwenye kona ya mparachichi, ili filimbi yake isikike juu na chini na ili wa juu wawe na sababu ya kutaka taa iwake kule katikati. Mti wa Krismasi wa watoto, kama ule wa mtaa wa pili, ulipendekezwa uwekwe kwenye lango la nyumba ya kwanza. Nikasema uwanja wa mzee ni mpana zaidi, jambo ambalo ni kweli. Ninachofanya ni kuteremsha mambo. Kila kitu ambacho watu wa juu wanakipenda, nakisogeza chini hatua chache.

Ndiyo maana sikuunga mkono geti. Betri ya gari ilipoibwa, mwenye nyumba wa Dar alituma picha za njia za Mbezi zenye nguzo ya kunyanyuka na mlinzi mwenye sare, na kwa siku mbili kundi zima liliwaka moto. Hoja ya ulinzi si ya kudharau; nchi hii iliwahi kuzaa sungusungu kwa sababu watu walichoka kuibiwa. Lakini watoto wa yule aliyetuuzia viwanja bado wanapita hapa na mkokoteni kwenda kwenye kipande cha shamba walichobaki nacho, na mlinzi angewauliza wanakwenda wapi kwenye njia iliyokatwa kutoka ardhi ya baba yao. Tena geti hukaa juu. Likishakaa juu, nyumba ya kwanza inakuwa mlinda mlango na nyumba ya mwisho inakuwa mgeni. Kura zilipopigwa geti lilishindwa, si kwa hoja zangu, bali kwa bei yake.

Sasa kuna jambo jipya. Urasimishaji umepita mtaani, wapima wameweka bikoni, na uwanja wa kugeuzia gari umeangukia wote ndani ya kiwanja cha mzee, kama ilivyopaswa. Wanawe wanataka kujenga ukuta. Wanasema kwa adabu zote, na hawana kosa: ardhi yenye hati na isiyo na ukuta ni ardhi inayoita matatizo. Nilikwenda na mwenyekiti kumwona mzee. Tulipikiwa chai ya maziwa, tukaulizwa habari za kwetu moja baada ya nyingine, na hatukuruhusiwa kuingia kwenye jambo mpaka vikombe viwe vitupu. Mwenyekiti akamweleza kwamba tungependa kuandikishana, nyumba zote zitie saini, kwamba pembe ile itabaki wazi kwa gari na yeye atasamehewa mchango daima.

"Mwalimu," mzee akamwambia, "msamaha wa mchango mmenipa tangu lini? Mimi silipi tangu gari lianze kuja, na hakuna aliyenidai."

Ilikuwa kweli. Akaendelea kwamba karatasi atatia saini, hana shida na karatasi, lakini wanawe wanauliza maji, na yeye hana la kuwajibu. Anachotaka ni mtaro wa kuyachepusha maji ya barabarani kabla hayajaingia kwenye njia yetu, uyapeleke korongoni. Ukichimbwa, ukuta hautajengwa, atalisemea hilo yeye mwenyewe kwa wanawe. Mtaro huo una mahali pamoja tu pa kupita, nako ni kando ya ukuta wa nyumba ya kwanza, ndani ya bikoni zake.

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda juu. Mfanyabiashara alinipokea vizuri, akanisikiliza akiwa amesimama, akauliza swali ambalo katibu yeyote wa mfongo angelitambua: yeye atapata nini. Nikamtajia gari la taka. Akacheka, taka zake huchukuliwa barabarani, gari halilazimiki kuingia kwenye njia yetu kabisa. Nikamtajia ulinzi. Ana mbwa. Tukakaa kimya kidogo, halafu akasema kuna jambo, dogo tu. Ana wapangaji wawili vyumba vya nyuma, wana bajaji, na uani hamna nafasi. Kama kamati itawaruhusu waziegeshe njiani usiku, upande wa ukuta wake, mtaro na upite.

Njia pale ndipo ilipo nyembamba kuliko kote. Tumekwenda na kamba, mhazini kashika upande mmoja na mimi mwingine, na bajaji moja imeletwa ikaegeshwa tuone. Gari la taka likiwahi asubuhi litapita, dereva akikunja vioo vyote viwili. Mwenyekiti ameiweka ajenda namba tatu, Jumapili baada ya misa ya pili, na Mpare wa Same ameshatuma ujumbe kwamba yeye hajawahi kuegesha chochote njiani.